Daftari la Mama Milvi

Jumanne, saa kumi na mbili kasoro dakika tano, jioni.
Taa ya tatu nyekundu.
Mama ameandika kwa penseli ya seremala,
herufi nene, kama anayemshtaki mwizi wa kuku.

Hapa Võrumaa, kusini mwa Estonia,
jirani ni moshi tu ng'ambo ya misonobari.
Mama ana miaka sabini na minane
na mpinzani mmoja wa sataranji,
Bwana Ülo wa Kuressaare, hawajapata kuonana,
naye amemshinda mara kumi na moja mwezi huu,
si kwa akili, kwa saa:
mtandao hukatika,
saa ya mchezo haikatiki.

Nilikuja kutoka Tartu na mkoba wa zana na kiburi changu.
Nikazima, nikahesabu hadi thelathini, nikawasha.
Ndiyo bismillahi ya kazi yetu.
Intaneti ikarudi, ikakaa kidogo,
kama mgeni aliyeacha gari likinguruma nje.

Nikabadili chaneli. Nikabadili nywila, bila sababu.
Nikaihamisha ruta kutoka nyuma ya friji,
nikaipandisha juu ya kabati, juu ya kamusi ya Kijerumani,
nikaishusha, mama ananifuata na kitambaa cha vumbi
akipangusa kila nilipogusa.

Kampuni ikamleta Urmo, kijana mwenye ndevu za majani makavu.
Alipima laini saa nne asubuhi: safi kama maziwa.
Akaacha ruta mpya, nyeupe,
yenye pembe mbili mithili ya mbuzi.
Jioni mbuzi naye akafa,
kifo kile kile, saa ile ile.

"Unaona?" mama akasema. "Si kifaa. Ni mtu."
Alimaanisha Ülo.

Usiku nikalisoma daftari, kwa kukosa la kufanya.
Alhamisi, nyekundu. Ijumaa, nyekundu mara nne.
Jumapili: *hakuna, nilikuwa kwa Helmi, Antsla.*
Nikapita. Nikarudi.
Jumatano ya wiki iliyotangulia, mwandiko unayumba:
*hakuna. Homa. Nimelala mapema, sikuwasha jiko.*

Sikuwasha jiko.

Niliinuka na soksi zangu hadi sebuleni.
Jiko la matofali, refu kama bwana harusi,
lilikuwa bado linatoa joto la kuni za saa kumi na moja.
Nikapitisha kiganja nyuma yake,
pale mkono hauingii ila kwa kuomba radhi,
nikaukuta waya,
umepakwa rangi ya ukuta, tabaka juu ya tabaka,
na katikati yake uvimbe wa utepe mweusi.

Kikulacho ki nguoni mwako;
chetu kilikuwa ukutani, na nilijua ni cha nani.
Baba aliunga hapo mwaka simu ilipoingia,
shaba kwa shaba, amezisokota kwa vidole,
akafunga utepe kwa meno.
Joto likipanda, zile nyuzi huachana unywele mmoja.
Alfajiri jiko likipoa, zinashikana tena.
Asubuhi fundi anapima. Asubuhi kila kitu ni kizima.

Nilikata. Nikapitisha waya mpya juu ya mlango,
mbali na moto, vibano kumi na vinne, viwili vimepinda.
Mama akaniomba kile kipande.
Hakusema kitu. Alikiangalia chini ya taa,
akakitia kwenye kopo la vifungo.

Jioni ile aliwasha jiko kwa makusudi,
akajaza kuni kuliko kawaida,
akaketi, shali mabegani, kumkabili Ülo.
Saa mbili. Saa tatu. Kijani, kijani tupu.
Saa nne kasorobo malkia wake akanaswa kwenye kona,
na Ülo akamshinda kwa haki,
hatua kwa hatua, taratibu, kwa adabu.

Mama akaitazama ile taa ndogo ya tatu
muda mrefu,
kama mtu anayengoja ikatike.